Kondoo Aliyetoka Kwenye Tenga la Kuku

Nkatha wangu,

Kuanzia Timau mpaka Siakago kwa kina mama yako, hakuna mtu aliyezaliwa na bahati kama baba yako. Ukimpata mwingine mlete hapa Ruiri, nitamnunulia chai na mandazi ashibe, halafu nimshinde. Mimi ndiye niliyekatikiwa na breki kwenye mteremko, trela imejaa saruji, ikaingia shamba la mahindi ikasimama yenyewe, na mwenye shamba akanipikia chakula. Mimi ndiye niliyempata mama yako sokoni siku aliyokuwa amewakasirikia wachumba wake wote. Na mimi ndiye, mbele ya wazee, nimefungwa kitambaa machoni, niliyetia mkono kwenye tenga lenye watoto wa mbwa nikamtoa yule mmoja tu aliyekuwa safi mpaka ndani ya damu. Bahati ya namna hiyo haifundishwi darasani. Mtu huzaliwa nayo, kama mwanya.

Hadithi hiyo unaijua kuliko Baba Yetu. Umeisikia kwenye harusi, kwenye foleni ya maziwa, hata kwenye mazishi mahali ambapo nilikuwa nimeombwa kusema maneno machache kuhusu marehemu. Lakini kesho asubuhi unaondoka kwenda chuo cha mifugo, na mtu anayekwenda kusomea wanyama anafaa abebe kitu cha nyumbani kilichoandikwa. Kwa hivyo nimekaa mezani na kalamu yako, ile yenye kofia iliyotafunwa, na nimewaambia watu wa nyumba hii wasinisumbue. Hakuna aliyenisikia.

Mambo ya blanketi, mafuta ya kupaka na watu wa kuogopa, hayo ni ya mama yako. Anayasema sasa hivi, anakunja nguo zako upya, na kila akikunja anaongeza mfuko mwingine wa ndengu za kwao. Utafika chuoni wakudhani umekuja kufungua duka. Mimi sina agizo lolote. Mimi niliachia masomo darasa la sita, si kwa ujinga, watu waelewe, ila lori la viazi lilikuwa linaondoka na halikuwa na utingo. Nimeona Mombasa, nimeona Malaba, nimeona Juba mchana na usiku, na yote niliyojifunza huko barabarani hayafiki nusu ya yale niliyofundishwa na mbwa wenye miguu mifupi kama ya stuli.

Ulikuwa mdogo Trela na Makena walipokuja. Mzee mmoja wa Kizungu, shamba lake liko upande wa Timau, alikuwa anarudi kwao na hakuwa na wa kumwachia wanyama. Nilikuwa nimempelekea mbegu. Akaniuliza, "Dereva, unapenda mbwa?" Mimi nikasema napenda kuliko watu. Nikarudi nyumbani nimeketisha kando yangu mbwa wawili warefu kama soseji, dume na jike, wote wa baba mmoja, mama mbalimbali. Mzee alinieleza jambo hilo kwa umakini sana na mimi nililisikia nikaligeuza sifa: damu safi! Hakuna kuchanganya! Dume nikamwita Trela kwa ajili ya urefu wake. Jike nikamwita Makena, mwenye furaha, kwa sababu alikuwa akicheka, na wewe unajua alikuwa akicheka kweli.

Mtu wa kwanza kuja kuwatazama alikuwa Baba Kinoti. Hukumbuki wakati ambapo Baba Kinoti hakuwa jirani yetu, kwa sababu wakati huo haujawahi kuwepo. Mimi na yeye tulitahiriwa pamoja, tukalala kwenye majani mamoja, na kwetu Meru mtu wa rika lako si rafiki tu. Ni mtu ambaye huwezi kumnyima na huwezi kumdhulumu, maana mlilia sauti moja. Akasimama pale kwenye ua, mikono nyuma, akawaangalia mbwa wangu kwa muda mrefu.

"Baba Nkatha," akasema, "hawa walikatwa miguu ama wamepiga magoti?"

"Wanaomba," nikamwambia. "Ni mbwa wa kanisa."

Alicheka mpaka akashika ua wa miiba. Baadaye alikuwa akija kila jioni na mifupa mfukoni, akawa anadai Trela anamtambua kwa mluzi. Mimi nilikuwa ninaona wivu, nakuambia ukweli.

Biashara ikashika moto. Watu wa mjini Meru walitaka, watu wa Nanyuki walitaka, mwalimu mmoja wa Embu alikuja mpaka hapa na gari la kuazima kuchukua watoto wawili. Nilinunua kofia. Nikawa naitwa Daktari wa Soseji na sikumkataza mtu. Wakati ule ule ndipo binamu yako Mutuma alipotaka kuoa yule msichana wa Muthara, mwembamba, mwenye heshima, na mimi nikasimama mbele ya ukoo mzima nikauliza swali letu la siku zote kuhusu ukoo: huyu ni wa mwiriga gani? Ikapatikana kwamba mwiriga ni wetu. Nikasema kwa sauti ya lori: "Damu moja haichumbiani! Huu ukoo sio wa kuzaa viwete!" Wazee wakatikisa vichwa. Harusi ikafa pale pale. Mutuma alioa kwingine na ana furaha, hiyo si kitu. Ninachotaka uone ni mtu huyo amesimama na kofia yake mpya, anakataza watoto wa mwiriga mmoja kuoana, na nyumbani kwake amewafungia chumba kimoja Trela na Makena, watoto wa baba mmoja, na anawanunulia maini waendelee.

Halafu Gitonga akavunjika.

Nilimwita Gitonga, tajiri, kwa sababu ndiye aliyekuwa mzuri kuliko wote katika uzao ule, na nilikuwa nimeshakula pesa yake akilini. Asubuhi moja alipenya ua akaingia kwa Baba Kinoti. Tukasikia mlio. Wewe ulikimbia kwanza, mimi nyuma. Tukamkuta Gitonga chini kando ya mlango wa zizi, mguu wa mbele umepinda mahali pasipo na kifundo, na Baba Kinoti amesimama juu yake na gamubuti, ndoo ya maziwa mkononi.

"Sijamgusa," akasema. "Aliruka kizingiti tu. Hiki hapa. Aliruka hiki."

Kizingiti chenyewe hakifiki urefu wa sabuni ya mche. Nani angeamini? Mimi niliangalia lile gamubuti, namba kumi na moja, nikaona kila kitu kwa macho yangu, hata yale ambayo sikuyaona. Nikamwambia, "Umemkanyaga mbwa wangu kwa sababu ya kijicho."

Maneno kama hayo kwa mtu wa rika lako hayaishii uani. Yalifika kwa wazee. Wakakaa chini ya paa la stoo ya viazi, wakasikiliza. Baba Kinoti akasema mara moja tu kwamba hakumkanyaga. Mimi nilisema mara nyingi, na unajua nikisema ninavyosema. Nilionyesha hata jinsi gamubuti lilivyoshuka. Wakamtoza kondoo dume. Akachinjwa, akaliwa, mimi nikapewa sehemu yangu ya nyama, nikaila. Ilikuwa tamu. Baba Kinoti alitakiwa kula pamoja nasi ili mambo yaishe, akachukua kipande, akakishika mpaka kikapoa, akampa mbwa wa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo hakupiga mluzi tena. Mwanawe Kinoti aliacha kukungojea mkienda shule. Trela alikuwa akikaa karibu na ua kila jioni na kusubiri mifupa, na mimi nilikuwa nikimwambia, "Wacha aibu, wewe, kuja hapa," na haji.

Uzao uliofuata ulipofika umri wa kukimbia, alikuja mteja, mama mmoja wa Embu, mnene, mcheshi, na mimi nikamchukua mmoja wa kike nikamweka juu ya goti langu nimweleze mama huyo habari za damu safi. Wewe ulikuwa unamimina chai. Yule mtoto akaruka kutoka gotini kwenda kwenye mkeka. Kutoka gotini, Nkatha! Ikasikika ka! kama kijiti cha kuwashia moto. Akaanza kulia. Yule mama akaweka kikombe chini. Na wewe hukupiga kelele. Ulisimama na birika, ukaniangalia, ukauliza polepole kabisa:

"Baba. Na huyu amekanyagwa na nani?"

Nimepigwa na maaskari wa mipaka mitatu. Hakuna aliyenipiga hivyo.

Tukaenda wewe na mimi mjini Meru kwa Daktari Karimi, mtoto kwenye kofia yangu. Alimfungua mdomo akatuonyesha meno: yamekuwa ya waridi, unaona mwanga ndani yake kama kioo cha chupa. Akauliza kama kuna mwingine aliyewahi kuvunjika bila sababu. Nilikuwa nataka kusema hapana. Wewe ukasema, "Yuko. Aliitwa Gitonga." Akaeleza kwamba kuna ugonjwa wa kurithi katika aina hii ya mbwa, mifupa inaumbwa bila nguvu, inakatika kwa kuruka tu, wakati mwingine kwa kubebwa. Akaeleza mambo ya jeni, moja ya mama, moja ya baba, mimi nikawa natikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Halafu kitu kikaniingia.

"Daktari, ngoja. Ni kama kila mbwa amepewa mafundi wawili wa kujenga mifupa. Mmoja katumwa na baba, mmoja na mama. Fundi mmoja akiwa mlevi, yule mwingine anajenga, nyumba inasimama, hakuna anayejua. Lakini ukipata wote wawili walevi…"

"Nyumba inaanguka," akasema Daktari Karimi, akacheka. "Hivyo hivyo. Trela na Makena wana mlevi mmoja mmoja. Wao wenyewe ni wazima kabisa, watazeeka. Ni watoto wao wanaoweza kupokea walevi wawili. Hao wazazi ni ndugu?"

"Baba mmoja," nikasema, na bado, Mungu anisamehe, nilisema kwa maringo. "Damu safi."

Wewe ulianza kucheka pale pale kwenye kliniki, ukaegemea ukuta. "Baba! Si ulimkataza Mutuma? Si ulisema damu moja haichumbiani? Mbwa hukuwauliza mwiriga?"

Daktari akaficha uso kwenye karatasi. Hata mimi nilicheka, nikacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko nikamwona Baba Kinoti ameshika kile kipande cha nyama kinapoa.

Yule mtoto hatukurudi naye. Daktari alimdunga sindano akalala, hakusikia uchungu tena. Hukutaka nikushike mkono. Halafu tulipofika barabarani ukanishika wewe.

Wengine wa uzao ule walikuwa wazima. Mifupa yao ilikuwa inasimama vizuri. Lakini nani kati yao amemficha fundi mlevi ndani, hilo jicho haliwezi kuona. Daktari Karimi akaja nyumbani na vijiti vyenye pamba, akawasugua ndani ya mashavu, na wazazi wao pia. Unakumbuka Trela alivyotaka kumeza kijiti? Nilimwambia daktari nimepimwa pumzi na polisi wa barabara kila kona ya nchi hii lakini sijawahi kuona mbwa anapimwa mate kama dereva. Sampuli zikatumwa maabara ya nje, tukaambiwa tusubiri.

Nikaugua koo. Ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Ukweli ni kwamba kuna sentensi moja iliyokuwa imekwama pale, na wewe ulijua ni ipi. Nikiitamka, Daktari wa Soseji amekwisha. Nani atanunua mbwa kwa mtu ambaye mbwa wake wanakatika kama vibiriti? Nisipoitamka, Baba Kinoti atazeeka akiitwa mtu aliyekanyaga mtoto wa mbwa kwa wivu. Hukunihubiria. Ulikuwa unaninyoosha tu mezani.

"Baba, ugali?"

"Leta."

"Mboga?"

"Leta."

"Na Baba Kinoti?"

"Nkatha, ninakula!"

"Haya, kula. Yeye alikula kondoo wake vizuri?"

Mama yako alikuwa anainua sahani kuficha kucheka. Mimi nimeishi na wanawake wawili wa ulimi kama huo nikapona, sasa unasema sina bahati?

Siku moja niliamka koo limepona. Nikaenda sokoni nikachagua kondoo dume, mkubwa kuliko yule wa kwanza, nikamfunga kamba, nikapita naye katikati ya Ruiri mchana watu wakiona. Waliniuliza ninakwenda wapi. Niliwaambia wote, mmoja mmoja: "Ninarudisha kondoo. Baba Kinoti hakumkanyaga mbwa. Mbwa wangu ndio wagonjwa." Nilipofika langoni mwake nilikuwa na msafara kama wa harusi, na wazee walikuwa mbele kabisa, maana pua ya mzee inajua kondoo.

Baba Kinoti akatoka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nilieleza habari za mafundi walevi, nikaeleza kizingiti, nikasema, "Mtu wangu, nilikudhulumu, na nilikula nyama yako." Kisha akamwangalia kondoo.

"Huyu ataliwa na nani?"

Wazee wakajikohoza.

"Nilijua," akasema. "Ni hawa hawa. Mimi nikilipa wanakula, mimi nikilipwa wanakula. Baba Nkatha, sitaki kondoo. Nataka mbwa."

"Mbwa?"

"Jike. Mzima. Wa kuzaa. Nimkalishe hapa pangu, watu wote waone kama nitamkanyaga."

Moyo wangu ulirukaruka kwa furaha, halafu ukasimama. Maana nikimpa jike aliyemficha mlevi ndani, siku moja atampeleka kwa dume mwenye mlevi mwingine, na katika ua ule ule, kwenye kizingiti kile kile, mfupa utalia tena ka! Ningekuwa nimemvunja mtu wangu mara mbili. Nikamwomba angojee majibu. Akakubali, lakini akaongeza neno:

"Na hutanichagulia wewe. Nakujua. Utanipa mbovu unaambia watu ni malkia. Siku hiyo utafungwa macho, utatia mkono, utakayemshika ndiye wangu. Mungu atachagua."

Wazee wakasema hayo ni maneno ya haki. Wangesema hivyo juu ya jambo lolote, walikuwa wameshamfungua kondoo kamba.

Siku yenyewe wewe ulikuwa umeshaanza shule ya bweni, ndiyo maana hadithi hii umeipokea kwangu. Kwa hivyo sikiliza vizuri. Jana yake nilikuwa nimeshuka Meru mjini kununua chumvi ya ng'ombe. Niliporudi nikawaambia watu majibu yamekawia mno, kesho tuchague tu. Asubuhi nikawatia majike kwenye tenga la kuku, maana kitu kingine kikubwa hatukuwa nacho, nikafunika gunia. Ua wa Baba Kinoti ulijaa. Mama yako akavua kitambaa chake cha kichwa akanifunga machoni, akakaza mpaka nikaona nyota. Nikatia mkono. Mle ndani ni ndimi, kucha na mikia, kila mmoja ananitafuna kidole. Nikapapasa. Nikatulia. Nikapapasa tena, watu wakaanza kunizomea, "Unatafuta yai?" Halafu nikamtoa mmoja juu.

Kicheko kilichopigwa kilifika barabara ya lami. Nilikuwa nimemtoa yule mwenye sikio lililochanwa na jogoo, mdogo kuliko wote, uso kama kiatu kilichorowa. Baba Kinoti akashika kiuno.

"Hata ukiwa kipofu unanipa mbovu!"

Lakini alikuwa ameshampokea. Mbwa akamlamba pua. Akawauliza wazee kama wanashuhudia kwamba amelipwa kondoo wake, wakashuhudia, midomo yao bado ina mafuta ya yule mwingine. "Basi huyu ndiye kondoo wangu," akasema. Na jina likawa hilo. Mpaka leo jioni unasikia mtu mzima anasimama uani anaita, "Kondoo! Kondoo, kuja!" na anakuja mbwa wa urefu wa soseji.

Ulipokuja likizo nikakutolea majibu kwenye simu, nikakuambia yamefika. Ukasoma kwa sauti. Trela, mbebaji. Makena, mbebaji. Majike wote wa tenga lile, wabebaji, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukafika kwa yule wa sikio. Safi. Mafundi wote wawili hawanywi hata maji ya miwa. Uliangalia simu, ukaniangalia mimi, na mimi nikanyoosha mkono wangu wa kulia juu kama mtu aliyeshinda mbio.

Tangu hapo mkono huu umekuwa kipimo. Ulipokuwa ukisema, "Baba, tupime kwanza ndipo tuwakutanishe," mimi nilikuwa nikipima, kweli, sijawahi kukutanisha mbwa tena bila kujua, na Makena tulimtafutia bwana safi kutoka Nanyuki, hakuna mtoto wetu aliyevunjika tena. Lakini nilikuwa nikisema ninapima ili kukufurahisha. Na ile siku ya wazazi shuleni kwenu, uliposimama mbele na chati yako uliyoichora mwenyewe, Trela upande huu, Makena upande huu, mistari inashuka kwa watoto, ukaeleza vizuri mpaka mwalimu wa kemia akaacha kuangalia simu, ni nani aliyeinua mkono nyuma? Ni mimi. Nikasimama nikasimulia habari za tenga. Watu walicheka wakapiga meza. Mtu akasema, "Kumbe hakuna haja ya maabara, tuazime mkono wa huyu mzee!" Wewe ukatabasamu, ukakunja chati yako, ukakaa chini. Njiani hukuwa umekasirika. Uliniambia tu, "Ilikuwa bahati, Baba. Haithibitishi kitu." Mimi nikasema, "Lakini nilishinda."

Nimefikiria kile kitendo cha kukunja chati. Uliikunja vizuri, kona kwa kona.

Kesho Baba Kinoti ameapa atakusindikiza mpaka stejini, amevaa koti la kanisani tangu jana ili asichelewe. Kondoo atakuja pia, na tumbo lake limeshagusa ardhi; safari hii anazaa na dume aliyepimwa, Baba Kinoti mwenyewe alidai karatasi kabla ya kufungua lango. Aliniambia, "Kila mbwa aniambie kwanza mwiriga wake." Amewaandalia watoto majina ya chakula chote anachokipenda. Trela amezeeka, haoni vizuri, lakini mluzi ukipigwa ng'ambo ya ua anainuka, na mimi namwacha aende. Unaona nyumba unayoiacha? Imejaa kelele. Usije ukaililia sana.

Huko chuoni watakuuliza kwa nini ulichagua kazi hii, na utawaeleza, na kuna siku atainuka mtu nyuma, mchekeshaji, mwenye kofia, awaambie kwamba baba fulani huko Ruiri alifungwa macho akatia mkono kwenye tenga akamtoa aliye safi. Hadithi hiyo imetembea kuliko mimi. Nataka siku hiyo usikunje chati.

Chumvi ya ng'ombe ilikuwepo nyumbani, jiwe zima, mama yako aliniuliza kwa nini nimenunua lingine. Sikwenda Meru kwa ajili ya chumvi. Daktari Karimi alinipigia simu, majibu yalikuwa yamefika, kwa Kiingereza, nikaenda akanisomea. Nilimfanya arudie mara mbili ni yupi aliye safi, akasema yule wa sikio lililochanika. Nikarudi na jiwe la chumvi begani. Kesho yake, ndani ya tenga, nilipokuwa napapasa na watu wananizomea, nilikuwa natafuta sikio. Sikuweza kumwachia Mungu jambo ambalo daktari alikuwa ameshaniambia. Sikuweza kumbahatishia mtu wangu mara ya pili.

Chati yako ilisema kweli siku ile shuleni, na siku zote. Mimi sina bahati, Nkatha. Nilijua.

Baba yako